Maruku: kituo kilichofunzwa na magonjwa

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, nje ya mji wa Bukoba mkoani Kagera, Tanzania, kimepitia mikono mingi. Serikali ndiyo iliyokuwa ikikibadilisha jina. Magonjwa ya kibanjani, yaani shamba la migomba na kahawa kando ya nyumba, ndiyo yaliyokibadilisha tabia.

Enzi za Mwingereza neno lilikuwa kahawa. Serikali iliitaka iwe nyingi na safi, ikawawekea wakulima masharti ya kuitunza. Mwaka 1937 Bukoba ikachafuka: Wahaya, wenyeji wa huko, waliyakataa masharti hayo hadharani. Utaalamu ulikuwa umewafikia kama amri.

Baada ya uhuru utafiti ulikaa wizarani, ukahamishiwa shirika la umma la TARO mwaka 1980, kisha ukarudi wizarani shirika lilipovunjwa mwaka 1989. Wakati huo migomba ilikuwa hoi: fukusi, minyoo ya mizizini, udongo uliochoka, samadi haba. Kwa msaada wa Uholanzi, watafiti wakaanza kufanya kazi vibanjani pamoja na wenye mashamba. Kisha mradi wa maendeleo wa KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji, ukasambaza migomba ya FHIA iliyozalishwa Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa kweli kweli, ila wengi mezani waliendelea kuisifu ndizi yao ya asili, enshakara.

Kahawa nayo ikapata pigo. Mwaka 1997 ilibainika kwamba mnyauko fusari umeingia Kagera, ukikausha mibuni ya robusta. Mwaka 2001 utafiti wa zao hilo ukawa chini ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao Lyamungu, Kilimanjaro, na kituo kidogo papo hapo Maruku. Mwaka 2011 zikatolewa aina nne zinazohimili ugonjwa huo: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Kwa kuwa robusta huchavushana mti kwa mti na mche wa mbegu haufanani na mama yake, miche ya aina hizi huzalishwa kwa vikonyo.

Mwaka 2006 ikawa zamu ya ndizi. Mnyauko bakteria ulionekana wilayani Muleba, Kagera: majani yananyong'onyea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, shina likikatwa linatoa uji wa manjano. Dawa ya kupulizia haipo. Kinachosaidia ni kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotoka, kwa sababu wadudu hupeleka vimelea hapo; kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine; na kukata chini kabisa shina lililougua. Jirani mmoja akipuuza, kijiji kizima kimo hatarini. Hapo mtafiti hana budi kusikilizwa kwa hiari.

Sheria ya mwaka 2016 iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, na Maruku ikawa kitovu cha utafiti wa ndizi nchini. Mwaka 2021 zikatoka aina mpya za migomba, TARIBAN 1 hadi 4, machotara waliozalishwa na watafiti wa Uganda na taasisi ya kimataifa ya IITA, wakajaribiwa Maruku na kwingineko. Safari hii wakulima waliitwa kupika na kuonja. Mgomba wenye mkungu mzito lakini chakula kigumu mdomoni haupokelewi Kagera, na siku hizi watafiti hulipima hilo sambamba na kilo.