Bomba la mafuta Mombasa–Nairobi: Jinsi linavyosanifiwa, kujazwa na kulindwa

SEHEMU kubwa ya mafuta yanayouzwa katika vituo vya petroli vya Donholm, Buruburu na Kayole haiji Nairobi kwa malori. Husafiri chini ya ardhi kwa takriban kilomita 450 kutoka Mombasa hadi bohari zilizoko Embakasi na Eneo la Viwandani, zikipakana na mitaa ya Eastlands.

Kampuni ya Mabomba ya Mafuta nchini (KPC) iliundwa mwaka wa 1973, na bomba lake la kwanza, lenye kipenyo cha inchi 14, likaanza kazi mwaka wa 1978. Mnamo 2018 nafasi yake ilichukuliwa na bomba jipya la inchi 20. Huko Mombasa, gati jipya la Kipevu lilizinduliwa mwaka wa 2022. Gati hilo limejengwa majini, na mabomba yake yamezikwa chini ya sakafu ya bahari ili mkondo wa meli uweze kuchimbwa zaidi siku zijazo.

Suala la kwanza linalomkabili msanifu ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mafuta hayawezi kufika bila kusukumwa. Ndiyo maana kuna vituo vya pampu kuanzia Changamwe, kupitia Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Mwaka wa 2008 viliongezwa vingine vinne, vikiwemo vya Samburu na Konza, ili bomba la zamani lipitishe takriban lita 880,000 kwa saa.

Kuanzisha bomba ni kazi ya subira. Kwanza hujazwa maji na kushinikizwa kuliko litakavyoshinikizwa likiwa kazini. Pakiwa na kiungo dhaifu, ni heri kivuje maji kuliko petroli. Baadaye mafuta huingizwa nyuma ya maji hayo, kizibo maalumu kikitenganisha vitu hivyo viwili, hadi maji yote yatoke upande wa pili.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba bomba lenyewe ni ghala. Ukikokotoa kipenyo na urefu, lile la inchi 14 lilibeba takriban lita milioni 40, nalo la inchi 20 hubeba zaidi ya milioni 80. Mafuta hayo ya kujazia hayana budi kubaki humo maadamu bomba linafanya kazi. Likisukuma lita milioni moja kwa saa, mafuta yaliyomo husonga kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na huchukua zaidi ya siku tatu kufika Nairobi.

Petroli, dizeli na mafuta ya ndege hufuatana ndani ya bomba hilo hilo bila ukuta baina yake. Yanapokutana huchanganyika kidogo. Wahudumu hupima uzito wake ili watambue aina moja inapoishia, kisha sehemu iliyochanganyika huelekezwa kwenye tangi lake.

Hata hivyo, hatari kubwa haitokani na mchanganyiko huo, bali na vali, viungo na mitaro. Bohari iliyosanifiwa vyema huyapitisha maji yake ya mvua katika mtambo wa kutenganisha mafuta na maji kabla ya kuyaruhusu kutoka nje ya ua. Mtaro ni sehemu ya mtambo sawa na pampu, ingawa aghalabu hukumbukwa mwisho.

Asubuhi ya Jumatatu, Septemba 12, 2011, wakazi wa kijiji cha Sinai, Mukuru, waliona petroli ikitiririka katika mtaro unaoelekea Mto Ngong. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa, gasketi ya vali ilikuwa imepasuka katika bohari ya KPC. Mitambo ilizimwa, lakini tayari mafuta yalikuwa yameingia katika mtaro wa maji ya mvua. Watu walikimbia na ndoo na mitungi kuyateka. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walifariki.

Wakazi hao waliwahi kutakiwa kuhama, lakini ni vigumu kuwatwika lawama zote. Wengi walifuata vibarua katika viwanda vilivyo jirani, na kodi ya Sinai ndiyo waliyoimudu. Tena mvuke wa petroli hutambaa chini, karibu na ardhi, na kuufikia moto ulio mbali na mafuta yenyewe.

Hata bomba zima la mashambani lilikuwa na udhaifu wake. Mwaka wa 2015, bomba la zamani lilivuja huko Thange, Kaunti ya Makueni, na kuchafua mto na mashamba.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilieleza kwamba mwaka wa 2023 ilikuwa imekataa mara tatu maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, hasa kwa kuwa usanifu wake haukutimiza masharti ya usalama katika eneo lenye msongamano mkubwa wa makazi.