Kabla ya "Nimeicheki Jana, Naipa Sita": Historia ya Ubishi wa Filamu Kanda ya Ziwa

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa kwenye basi la Mwanza kwenda Musoma. Skrini ya mbele inaonyesha picha la kivita, sauti ya DJ imewafunika waigizaji wote. Tulipoingia stendi ya Bunda, wauza mahindi na mayai wamejaa madirishani, jamaa mmoja wa siti ya nyuma akatoa hukumu kwa sauti: "Picha bovu hili. Stelingi kalala majini usiku kucha, katoka shati limenyooka!" Mama mmoja jirani yake, kapakata kuku, akamjibu bila hata kugeuka: "Kwani mwanangu nauli yako umelipia shati?" Basi zima likacheka. Ubishi ukaondoka na sisi Bunda, tukaupita nao Kiabakari.

Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angejiita mchambuzi wa filamu. Nikajiuliza: sisi tunaopostia "nimeicheki jana, naipa sita kwa kumi" tunadhani tumeanzisha kitu, kumbe tumekuta watu wameshakaa kwenye benchi zamani. Nikaamua kufuatilia.

Turudi nyuma kidogo, 1935. Tanganyika iko chini ya Mwingereza. Huko Vugiri, milima ya Usambara, Wazungu wachache walifungua kituo cha kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, mradi uliodumu mpaka 1937 kwa pesa za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Usitegemee mapenzi wala ngumi. Zilikuwa za kulipa kodi, kuweka akiba benki ya posta, na ugonjwa wa safura. Zikapakiwa kwenye lori pamoja na jenereta, zikazungushwa Afrika Mashariki na zaidi. Sauti ilikuwa pembeni, kwenye sahani za santuri, ili sinema moja iweze kusemwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule.

Hapo pana mambo mawili. La kwanza, wenye mradi waliandika jinsi watazamaji walivyopokea kila filamu, wakachapisha na kitabu. Kwa hiyo maoni ya watazamaji wa kwetu yalianza kukusanywa miaka karibu 90 iliyopita, ila aliyeyakusanya hakuwa anauliza "umeipenda?" Alikuwa anauliza "umeelewa somo?" La pili, filamu ya Kiswahili ilianza ikiwa na mtu wa pembeni anayeisimulia. Shika hilo la msimulizi, tutalirudia.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya kikoloni ya London ikaunda kitengo chake cha filamu. Wataalamu wake wakaamini kwamba Mwafrika haelewi picha inayokwenda haraka, kwa hiyo atengenezewe za polepole, zisizo na mbwembwe. Yaani bana! Nawaza wangekaa dakika kumi tu kwenye kibanda cha Mwigobero pale Musoma, jioni wavuvi wamerudi, Rambo yuko kwenye skrini, DJ anaongea juu yake, muuza kahawa anapita katikati, na bado kila mtu anajua nani ni nani.

Vibanda vyenyewe havikutoka mbinguni. Miji mikubwa ilikuwa na majumba ya sinema tangu ukoloni, watu wakiwalilia Raj Kapoor na wenzake. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania 1968, na majengo mengi makubwa ya biashara yakataifishwa 1971. Lakini ukiwa kijijini Bunda au Butiama, sinema yako ilikuwa gari lililokuja siku moja, likatundika shuka jeupe uwanjani, likaondoka. Televisheni Bara tumeianza 1994, usisahau. Kwa hiyo deki za video zilipoingia, halafu mtu mmoja mtaani akapata deki, televisheni na jenereta, huyo alikuwa tajiri. Akazungushia mabati na maturubai, akaweka mabenchi ya mbao, akaandika kwa chaki ubaoni: LEO SAA 2 KOMANDO. Ndiyo kibanda umiza. Joto linaumiza, benchi linaumiza, na ukikaa nyuma ya mtu mrefu shingo inaumia vilevile.

Na mule ndani kulikuwa na sheria zake. Aliyeshaiona picha anaitwa nuksi, kwa sababu anasema mbele: "Huyu anakufa sasa hivi." Stelingi hafi, na akifa, watu wanamgeukia mwenye kibanda kana kwamba kamuua yeye. Ukiwa Musoma utasikia "Wee mura, kaa chini!" kabla hujasikia risasi ya kwanza. Mimi nilikuwa wa kutumwa chumvi nikarudi saa mbili baadaye, na kipigo nilichokula nakumbuka zaidi ya picha lenyewe. Ila nakumbuka kwamba hakuna aliyesubiri mwisho ndipo atoe maoni. Walikuwa wanatoa humohumo, wanabishana na adui, wanamshauri dada asifungue mlango.

Shida ilikuwa lugha. Kiingereza cha Arnold Schwarzenegger hakijawahi kuwa rahisi, Kichina cha Jet Li ndiyo usiseme. Ndipo wakatokea wasimulizi. Kule Uganda kazi hii ilishika sana, wanaitwa ma-VJ. Kwetu jina kubwa la mwanzo ni Lufufu, yaani Kapteni mstaafu Derek Gasper Mukandala, mwanajeshi aliyegeuka sauti ya mikanda. Baada yake wakaja kina DJ Mack, na kutoka Kenya DJ Afro. Ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, msomi wa Kijerumani Matthias Krings aliandika makala nzima kuhusu namna Lufufu alivyoisimulia upya filamu ya Kinigeria iitwayo Karishika. Mikanda ile tuliiona ya mtaani, kumbe kuna watu wanaisomea!

Lufufu na wenzake hawakuwa wanatafsiri neno kwa neno. Mhusika anaweza kupewa jina la mtaani kwako. Tajiri akiingia, DJ anakwambia huyu pesa zake si safi, subiri uone. Stelingi akikosea, anasemwa. Dada akidanganywa, DJ anawageukia dada zetu waliokaa kwenye benchi na kuwapa onyo. Msimulizi anatafsiri na kuchambua kwa pumzi moja. Unatoka pale unadhani umeona filamu, kumbe umeona filamu pamoja na maoni ya mtu.

Kuna wanaosema huo ni uharibifu. Nimewasikia sana: "Hizo si tafsiri, ni porojo." Basi twende Butiama.

Mtoto wa Butiama aliyezaliwa 1922, ambaye leo amelala hukohuko kijijini kwao, aliwahi kukaa chini na tamthilia mbili za Shakespeare akaziweka katika Kiswahili. Ya Juliasi Kaizari ilitoka mara ya kwanza 1963, akiwa tayari anaongoza nchi. Ya pili ilitoka 1969. Kwa Kiingereza ile ya pili jina lake linamtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venice. Mwalimu Nyerere angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri, neno lipo na halina ubaya. Akaandika Mabepari wa Venisi. Mabepari! Wengi, tena kwa neno ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha kila Mtanzania alijua ni la kulaani. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, mtafsiri ameshakwambia anawaonaje hao watu.

Sisemi Mwalimu na DJ wa kibanda ni kitu kimoja, msinitoe macho. Mmoja alipima silabi, mwingine anawahi kabla mkanda haujaisha. Ila kama tunakubali kwamba neno mabepari lilikuwa haki ya mtafsiri, basi yule DJ anayesema "huyu tajiri pesa zake si safi" tusimfukuze mlangoni. Mtaa wao ni mmoja.

Sasa nije kwenye kisa ambacho Kanda ya Ziwa hatujakisahau, ambapo maoni yaligeuka mambo makubwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Inahusu sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki kwetu. Filamu pia iligusa madai kwamba ndege hizo zilikuja na silaha. Ilifika mpaka kugombea Oscar mwaka 2006. Julai mwaka huohuo Rais Kikwete akailaani hadharani akiwa Mwanza, yakafuata maandamano ya kuipinga, na mwandishi wa habari aliyeonekana ndani ya filamu akajikuta matatani.

Musoma nayo ilikuwa na viwanda vya samaki, kwa hiyo hili halikuwa la majirani. Huku watu wanaishi na mapanki. Wapo waliochukia kwamba chakula chao kimeonyeshwa duniani kama uchafu. Wapo waliosema, jamani, si ndiyo tunayokula? Mkiona aibu, oneeni aibu bei ya minofu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na mpaka leo sioni upande ulioshinda.

Kinachonisumbua ni kingine. Wengi waliobishana hawakuwa wameiona, kwa sababu filamu haikuwa inaonyeshwa vibandani. Mtu wa Mwigobero aliyeweza kukueleza Komando tukio kwa tukio hakupewa nafasi ya kuangalia filamu iliyohusu ziwa lake mwenyewe. Akapewa tu maoni ya kuchagua. Kibanda, pamoja na kelele zake zote, kilikuwa na heshima moja: unalipa, unakaa, unaona, ndipo unaponda.

Wakati huohuo Bongo Movie ilikuwa inapanda. Girlfriend ya George Tyson ilitoka 2003 na watu wakashangaa kuona wasanii wa Bongo Fleva kwenye filamu. Mussa Banzi akatuletea Nsyuka na Shumileta, watoto wakaogopa kwenda chooni usiku. Halafu akaja Kanumba. Vibandani huku kwetu, kwa mara ya kwanza DJ akanyamaza, kwa sababu waigizaji walikuwa wanaongea lugha yetu. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nchi ilisimama. Nakumbuka mwenye kibanda mmoja mtaani kwetu aliweka picha zake mfululizo, na mlangoni hakukusanya hela.

Lakini benchi lilikuwa limeshaanza kunung'unika hata kabla ya hapo. Kwa nini hadithi ya saa moja inakatwa Part 1 na Part 2 tulipe mara mbili? Kwa nini jina ni Devil Kingdom na watu ndani wanaongea Kiswahili? Kwa nini dakika tano nzima gari linaingia getini, mlinzi anafungua, gari linapaki, mtu anashuka? Malalamiko ya gari na geti nayakumbuka tangu nikiwa sekondari, na yalisemwa na watu waliokuwa wanaipenda Bongo Movie kweli. Hayo yalikuwa maoni ya bure kutoka kwa mteja.

Hayakusikilizwa. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Kwenye kodi walikuwa na haki. Wao walikuwa wakibandikiwa stempu za TRA kwenye kazi zao tangu 2013, na pembeni yao mtu anauza DVD moja ina filamu ishirini za Hollywood kwa bei ya soda. Huo si ushindani. Ila mitandaoni watu hawakuwaonea huruma. Waliwajibu yaleyale ya benchini: tengenezeni kazi nzuri. Wapo wasanii waliochukulia ni dharau. Mimi naona ni bili iliyochelewa kufika. Na bado inaniuma, maana walioumia zaidi si mastaa, ni mafundi wa taa na wabeba kamera ambao majina yao yanapita mwishoni wakati watu wameshainuka.

Vibanda leo vingi ni vya mpira. Jumamosi ya Ligi Kuu ya Uingereza vinajaa, siku ya filamu anakaa mtoto mmoja na simu yake. Movie iko kwenye simu, imetafsiriwa tayari, na ubishi umehamia kwenye magrupu, mtu anatuma sauti ya dakika nne kukueleza kwa nini adui alikuwa na haki.

Tuliposhuka Bweri, nilimsikia yule jamaa wa siti ya nyuma akimuuliza konda jina la lile picha la shati. Konda hakujua jina. Alijua tu kwamba ni la DJ gani.