Wanawake wa Njia ya Misafara: Biashara, Mila na Haki Katika Unyamwezi

Historia ya Tabora husimuliwa mara nyingi kwa majina ya wanaume: watemi, wafanyabiashara kutoka pwani, wapagazi na wasafiri wa Ulaya. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa akipambana na Wajerumani mwezi Januari 1893. Hata hivyo, hakuna msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ambao ungefika mbali bila chakula, na chakula hicho kwa sehemu kubwa kilitoka katika mikono ya wanawake.

Wapagazi walipewa posho kwa kitambaa cha merikani au ushanga, wakajinunulie chakula vijijini. Wanawake waliwauzia unga wa mtama, viazi vitamu, karanga, kuku na pombe. Wengine walifuatana na misafara yenyewe, wakipika, wakibeba mizigo na kufanya biashara zao ndogo njiani. Wala mwanamke hakuwa mgeni katika utawala: baada ya kifo cha Isike, kiti cha Unyanyembe kilikaliwa na Nyaso, mwanamke wa ukoo wa watemi. Kwa hiyo, dhana kwamba biashara ya mwanamke wa kijijini ililetwa na miradi ya maendeleo haina msingi.

Pamoja na hayo, mila ndizo zilizoamua mwanamke angebaki na nini baada ya kuuza. Wanyamwezi walikuwa na ndoa ya kutoa mahari na ndoa isiyo na mahari. Katika ile ya kwanza watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba; katika ile ya pili ukoo wa mama ulibaki na haki juu yao. Kwa kuwa watoto ndio waliokuwa nguvu kazi ya shamba na tegemeo la uzeeni, aina ya ndoa iligusa moja kwa moja uwezo wa mama kujitegemea.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi katika njia hiyo ilififia. Soko la wanawake lilihamia stesheni, ambako abiria waliuziwa maembe, karanga, mayai na kuku wa kuchemsha. Saranda ilipata sifa kwa kuku wake. Wanaume wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wake zao wakabaki na kilimo chote. Baadaye tumbaku ilienea Urambo. Wanawake walifanya kazi nyingi za zao hilo, lakini malipo yalipitia kwa mwanachama aliyeandikishwa katika chama cha ushirika, ambaye mara nyingi alikuwa mume.

Hapa Kanisa nalo halina budi kutazamwa kwa uaminifu. Mahubiri ya misheni dhidi ya ulevi yalikuwa na sababu, maana pombe ilivunja nyumba nyingi. Lakini upikaji wa pombe ulikuwa pia njia ya mwanamke ya kupata fedha zake mwenyewe. Aliyeuacha kwa ajili ya ubatizo aliacha na pato, na mafunzo ya ushonaji na mapishi hayakuweza kulifidia kila mara.

Suala zito zaidi ni mirathi. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume, na zikamnyima mjane urithi wa mali ya mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, lakini kanuni za mirathi hazikufutwa. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane hao.

Mwanamke asiye na shamba wala nyumba kwa jina lake hana dhamana ya kupata mkopo mkubwa. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo dhamana ni uaminifu wa wanachama, vimependwa sana vijijini. Lakini akiba ya kikundi haimlindi mjane siku ukoo unapokaa baada ya matanga kugawa mali aliyoichuma pamoja na marehemu. Katika kikao hicho mara nyingi wamo wazee wa Kanisa, na neno lao husikilizwa.

Lidia wa Thiatira, muuza rangi ya zambarau, alimkaribisha Mtume Paulo na wenzake nyumbani mwake. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu nyumba ilikuwa yake.