Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Mgonjwa wa kifua kikuu huko Nyasura, Bunda, anapomeza rifampisini, anameza dawa ambayo asili yake ni kazi ya vimeng'enya. Hapo ndipo tatizo la kiistilahi linapoanza. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo, kama chakula kinavyofanywa tumboni. Vimeng'enya hivi havivunji kitu, vinajenga.

Mwaka 1957, wataalamu wa kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia, walichunguza udongo kutoka Ufaransa, wakapata humo bakteria watengenezao kiuavijasumu kipya. Walikiita rifamisini, jina lililotokana na filamu ya Kifaransa, Rififi. Baadaye rifamisini ilirekebishwa ikawa rifampisini. Matokeo ya majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza yalitangazwa mwaka 1972. Yalionyesha kwamba dawa hiyo, ikitumiwa pamoja na nyingine, yaweza kutibu kwa miezi sita ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa ikichukua mwaka mmoja au zaidi.

Ndani ya bakteria hao, kazi hufanywa na ukoo wa vimeng'enya uitwao sinthasi za poliketidi. Mfano wake ni mafundi waliojipanga mstari. Wa kwanza hushika kiini. Kila anayefuata huunga kipande kidogo chenye kaboni, kisha humpa mwenzake. Kwa rifamisini huungwa vipande kumi, kimoja baada ya kingine, na mwishoni mnyororo hufungwa ukawa pete.

Je, mwanafunzi wa Nyasura aelewe nini akiambiwa kwamba kimeng'enya huunda dawa? Wako watakaosema tulitupe neno letu, tuchukue enzaimu. Lakini neno hilo nalo, alilolitunga Mjerumani Wilhelm Kühne katika karne ya 19, latokana na Kigiriki kwa maana ya "ndani ya chachu", wala hakuna adaiye leo kwamba kila enzaimu imo ndani ya chachu. Istilahi huzaliwa na mfano mmoja, kisha hukua kuupita.

Kwa hiyo kimeng'enya kibaki, kwa kuwa kimekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, hapana budi kipewe kivumishi pale maana inapopotosha: kimeng'enya kivunjaji kwa kile cha tumboni, na kimeng'enya kiundaji kwa hiki kilichotupatia dawa. Mwalimu akitofautisha hivyo tangu somo la kwanza, mwanafunzi hatalazimika kusahau alichofundishwa ili ajifunze kipya.