Makorongo ya Nzwani

Ngazija na Nzwani ni visiwa vya Komoro vilivyozaliwa na moto wa chini ya bahari, walakini maji yamevitenga: Ngazija, ambako mlima Karthala ungali hai, mvua ijapokuwa nyingi hupenya mara moja katika mawe machanga yenye matundu, hata kisiwa kizima hakina mto wa kudumu, ilhali Nzwani, ambayo volkano yake ilizimika zamani, miamba yake imechakaa ikawa udongo mzito, na maji yaliyokosa pa kuzama yamechimba, kwa dahari nyingi, makorongo yanayoshuka toka Ntingui, kilele cha mita 1,595, hadi pwani.

Tabia ya nchi ndiyo iliyoyavika makorongo hayo. Kaskazi ivumapo, tangu Novemba hata Aprili, hubeba unyevu wa bahari, nao ukigonga milima hupanda, hupoa na kumwagika mvua. Na Kusi, ingawa ni kavu, haivui vilele mawingu yao. Kwa hiyo juu iliota misitu iliyogubikwa na kuvumwani na makangaga marefu kama minazi, na mimea hiyo, ambayo haingestahimili jua la tambarare, ilithubutu kuteremka ndani ya makorongo, maana kuta zake huzuia jua na upepo.

Maji ya makorongo hayo ndiyo yaliyoleta wageni. Tangu karne ya 17 merikebu za Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki zilitia nanga kisiwani, ambacho Waingereza walikiita Johanna, ili zipate maji matamu, ng'ombe na matunda, na mabaharia wenye kiseyeye wapate afueni. Historia zinazosifu masultani na ngome ya Mutsamudu bila kuutaja msitu uliotunza maji hayo zimemsahau mwenye fadhila.

Katikati ya karne ya 19 Mwingereza William Sunley, aliyekuwa pia balozi mdogo wa nchi yake, alianzisha shamba la miwa Pomoni, akitumia watumwa aliowakodi kwa mabwana zao, na Sultani naye akalima miwa Bambao. Miwa ilitaka ardhi, vinu vikataka kuni. Ikafuata milangilangi, ambayo maua yake hukenekwa mafuta ya manukato kwa moto wa saa nyingi, kisha mikarafuu, na watu, waliobanwa na mashamba makubwa, wakapanda na majembe yao kwenye miteremko, hasa kule Nyumakele, ambako udongo umemomonyoka vibaya mno. Msitu ulipofyekwa, maji nayo yakapungua: mito ya kudumu, iliyokuwa takriban 50 katikati ya karne ya 20, imebaki kama 10.

Msitu wa asili umesalia palipo na miteremko mikali, na humo hulala mchana popo mkubwa mweusi aitwaye kwa jina la Livingstone, asiyepatikana duniani ila Nzwani na Mwali, kisiwa kingine cha Komoro. Lakini hata humo wakulima wamekwishafyeka vichaka vya chini, wakapanda migomba na majimbi chini ya kivuli cha miti mikubwa, na miti hiyo inapozeeka na kuanguka, hakuna mche wa kuirithi.