Geji Inaposema Visima Viwili Vimeungana

Mwaka 1947, katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas, mafundi walisukuma petroli iliyokolezwa kwa napalmu ndani ya kisima ili kuupasua mwamba. Walichotaka kujua ni kama kisima hicho kitatoa zaidi, basi. Swali la jirani lilikuja nusu karne baadaye katika mwamba wa sheli wa Barnett, Texas, baada ya Mitchell Energy kuacha jeli nzito na kutumia maji mengi yenye kilainishi. Kilipopasuliwa kisima kimoja, vya karibu vilijaa maji. Visima vya mlalo vilipoenea, vikipangwa sambamba kilomita na kilomita chini ya ardhi, dalili za aina hiyo zikawa jambo la kila wiki, na wengi wakazisoma kuwa ushahidi kwamba visima vinanyonya mafuta yale yale. Usomaji huo ni wa haraka mno.

Geji ya shinikizo ya kisima jirani inaweza kupanda bila hata tone moja la maji kuvuka, kwa sababu mwamba uliosukumwa unaubana mwamba wa pembeni, kama anayelala godoro moja na mwenzake anavyohisi mwenzake akigeuka. Hata maji yakivuka kweli, ufa uliofunguliwa kwa nguvu ya pampu hujifunga shinikizo likishuka, isipokuwa mahali mchanga uliosukumwa pamoja na maji ulipofika kuushikilia. Na mchanga haufiki mbali. Katika mradi wa utafiti wa kaunti ya Reagan, Texas, uliofadhiliwa kwa sehemu na Wizara ya Nishati ya Marekani, ilichukuliwa sampuli ya mwamba ya takriban futi 600 kutoka eneo lililokwishapasuliwa. Nyufa zilikutwa kwa mamia, mchanga kwa uchache.

Kipimo cha haki ni cha uzalishaji wenyewe, na si kigeni: tangu 1935 Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini, alikwisha eleza jinsi kiwango cha maji kinavyoshuka kuzunguka kisima kinachovutwa. Funga visima vyote, acha shinikizo lipande kwa utulivu, kisha fungua kimoja na uangalie geji ya jirani. Ikiinama mapema na kwa kasi, vinagawana.

Wenye kampuni watasema kufunga visima ni kupoteza mapato. Ni kweli, ila visima vya zamani mara nyingi hufungwa hata hivyo jirani anapopasuliwa, na muda huo ungetosha kupima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipimo cha mwezi wa kwanza huonyesha muungano mkubwa, ambao baadaye hufifia. Hilo linadai kurudia kipimo, halidai kukiacha. Tena muungano kidogo si hasara, maana visima visivyogusana kabisa huenda vimeacha mafuta katikati. Kinachotafutwa ni kiasi chake.

Ugumu halisi uko kwenye ratiba. Mwaka 2019 Concho Resources ilikiri kwamba visima 23 vya mradi wake wa Dominator, New Mexico, vilisogezwa karibu mno, na bei ya hisa zake ikaporomoka. Visima vinapochimbwa kwa mkupuo namna hiyo, geji hutoa jibu wakati mashimo yamekwisha lipiwa.