Moto Unaotwa, Hewa Haipashwi

Kiswahili kina kitenzi ambacho kila mwenye hita barazani angefaa kukifikiria: kuota. Tunaota moto kama tunavyoota jua. Anayepata joto ni mtu. Hewa haitajwi kabisa. Na ukifuatilia historia ya joto la nje, utaona mambo huharibika pale watu wanaposahau tofauti hiyo.

Warumi waliijua. Katika magofu ya Pompeii yamepatikana majiko ya makaa ya shaba nyeusi, mengine ya kubebeka: ulipokaa ndipo moto ulipoletwa. Mwaka 1800, William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu, akaweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote. Kikapanda. Kumbe ipo miale isiyoonekana inayofika ngozini bila kusubiri hewa ipate joto. Ndiyo maana jiko linakuchoma uso huku mgongo ukiganda.

Hita za gesi zenye umbo la uyoga zinatumia kanuni hiyo hiyo, ila kwa pupa. Moja kubwa hufika kilowati 12 au 13, kama birika sita za umeme zikichemka pamoja, na joto jingi linapaa angani. Ulaya zilishamiri baada ya sheria za kuzuia sigara ndani: Ireland 2004, England 2007, mikahawa ya Ufaransa 2008. Wavutaji wakatolewa nje, wenye mikahawa wakawafuata na joto. Mji wa Rennes ukazipiga marufuku kwenye mikahawa yake ya nje 2020. Ufaransa nzima ikafuata 2022.

Huku kwetu, gharama kubwa zaidi si ya gesi. Nimekulia Limuru, na Julai ya Limuru haina mchezo. Mama aliwasha jiko verandani, tukalizunguka na mablanketi magotini. Amri yake ilikuwa moja tu: jiko halilali ndani.

Siku hizi veranda nyingi Nairobi zimezungushiwa plastiki nzito ili upepo usiingie. Sasa hapo si nje tena. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasinzia, basi, haamki. Kazini nimeandika habari hiyo zaidi ya mara moja: chumba kimefungwa, jiko limo ndani, majirani wamevunja mlango asubuhi.

Kwa hiyo sogeza kiti, jifunge shuka, elekeza hita kwa watu, acha pande mbili za baraza wazi. Baridi ikikulazimisha ufunge plastiki, usibishane nayo: ingia ndani ukalale, na jiko libaki nje.